Hela ya 2017 hainunui kiwanja cha 2021

Mhariri salamu, mmeuliza wiki hii kama fidia wanayolipwa watu serikali ikichukua ardhi yao kwa barabara na miradi mingine ni ya haki. Mimi nasema kwenye sheria ni ya haki, shida inakuja kwenye kulipa.

2017 wathamini walikuja kwa mama huku Pwani, Tanzania, wakahesabu vyumba, choo cha nje, mikorosho minne na mnazi, wakampiga picha kashika kibao cha namba mlangoni, namba hiyohiyo wakaiandika ukutani kwa rangi nyekundu, wakamwambia kuanzia leo usiendeleze kitu. Hakubisha, barabara tunaihitaji wote. Basi hela ikawa haiji, masika yakapita, yakaja mengine, bati la chumbani likatoboka na mama anaogopa kulibadilisha asije akaambiwa kaongeza baada ya tathmini, anatega sufuria juu ya kitanda yeye analala sebuleni. Mpangaji akahama, nani akae nyumba yenye namba nyekundu? Na ile kodi ndo ilikuwa inamlisha. Kaja kulipwa 2021, hesabu ileile ya 2017, kiwanja alichokuwa anakiangalia kishapanda zaidi ya mara mbili.

Sasa kinachoniuma, Sheria ya Ardhi ya 1999 pamoja na kanuni zake inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati, bei ya soko, juu yake posho ya usumbufu, usafiri, na ya makazi inayopigwa kwa kodi ya nyumba ya miezi 36. Halafu ikaja Sheria ya Uthamini ya 2016, ikipita miezi sita tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe hesabu ya fidia, wanakulipa na riba, ikipita miaka miwili ule uthamini umekufa, warudi kupima upya. Mama hajaambiwa hata moja, kaonyeshwa pa kusaini tu.

Kwangu mimi ukuta wa mtu usiguswe na rangi kabla hela ya kumlipa haijatengwa, maana kuanzia siku hiyo nyumba si yake tena, hawezi hata kuikarabati, na bado hajapewa kitu.

Kama kwenu wameshapita kupima, waulizeni Mthamini Mkuu kaidhinisha lini, tarehe hiyo iandikeni kwenye kopi ya fomu yenu, hapo ndo miezi sita inapoanzia.