Je, fangasi wa mizizi wanaweza kuchukua nafasi ya mbolea ya DAP kwenye mahindi?

SWALI: Mahindi yangu huku Mbozi yakiwa machanga hugeuka rangi ya zambarau kwenye majani. Nimeshauriwa kununua unga wa fangasi wa mizizi na kuachana kabisa na DAP, mbolea yenye fosforasi na naitrojeni. Je, nifuate ushauri huo? – Mkulima, Songwe.

JIBU: Ndugu mkulima, sehemu ya kwanza ya ushauri huo ina msingi, lakini ya pili nakusihi usiifuate.

Rangi ya zambarau kwenye mahindi machanga mara nyingi huashiria upungufu wa kirutubisho cha fosforasi, ingawa baridi au mizizi iliyojeruhiwa pia huweza kuileta. Katika udongo mwekundu wenye tindikali, fosforasi hunaswa na madini ya chuma na alumini, wala haisafiri kwa urahisi udongoni kama naitrojeni. Kwa hiyo mzizi humaliza ile iliyo milimita chache kando yake, kisha hupungukiwa ilhali nyingine ipo jirani tu. Hapo ndipo fangasi aina ya mikoriza wanapohitajika: huingia ndani ya mzizi, hutandaza nje nyuzi nyembamba kuliko vinyweleo vyake, nazo hufika sentimita kadhaa mbele, zikichota fosforasi na zinki, na mmea huwalipa kwa sukari.

Hata hivyo, fangasi hawa hukusanya fosforasi, hawaitengenezi. Wala hawana uwezo wa bakteria wa kwenye mizizi ya maharage wa kutumia naitrojeni ya hewani. Kila gunia linalotoka shambani huondoka na virutubisho, na ukiacha mbolea, udongo utazidi kufukarika. Kwa upande mwingine, fosforasi ikizidi mahitaji, mahindi hupunguza kuwapokea fangasi. Peleka kwanza sampuli ya udongo ipimwe, kwa mfano kupitia kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, ujue kiasi cha DAP na kama unahitaji chokaa ya kupunguza tindikali.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana ni kwamba fangasi hawa tayari wamo katika mashamba mengi. Kulima mara kwa mara hukata nyuzi zao. Kuacha shamba wazi bila mmea huwanyima chakula. Na kabichi, kama jamii yake yote, haishirikiani nao. Punguza kutifua, kisha zungusha mahindi na maharage au alizeti.

Ukitaka kuujaribu unga, kumbuka kuwa una viumbe hai, hivyo usinunue uliokaa juani au uliopita muda wake. Uweke ndani ya shimo, chini ya mbegu, ili mzizi uukute. Tenga vipande kadhaa vyenye unga na vingine visivyo nao, vikipishana, vyote vikiwa na mbegu na mbolea ileile, kisha pima punje zilizokauka za kila kipande. Thamani ya mahindi yaliyoongezeka isipofikia bei ya unga, fedha hiyo inunulie chokaa, iwapo vipimo vimeonyesha tindikali.