Kabla hujauliza utumie jaribio gani

Watu wanaoandika tasnifu huniletea data zao wakiwa na swali moja: "Nitumie jaribio la t au kai-mraba?" Hayo ni majaribio mawili ya takwimu: la kwanza hulinganisha wastani, la pili idadi za watu katika makundi. Siku hizi swali hilo silijibu moja kwa moja. Kwanza namuuliza mwenye data: kama hicho unachokishuku hakipo kabisa, namba zako zingekuwaje? Akiweza kunieleza hilo kwa maneno yake, kazi kubwa imekwisha. Akishindwa, jaribio lolote nitakalomtajia litampa jibu asilolielewa.

Maana upimaji wa nadharia tete (dai linalopimwa kwa data) wote umejengwa juu ya swali hilo. Tunaanza na nadharia tete sifuri, ile inayosema hakuna tofauti wala uhusiano, yote tunayoyaona ni bahati tu. Kisha tunachagua namba moja ya kukokotoa kutoka kwenye data, ambayo itakuwa kubwa (au ndogo) kupita kawaida endapo nadharia hiyo si kweli. Namba hiyo ndiyo kipimo cha jaribio. Mwisho tunauliza: kama ni bahati tu, kuna uwezekano gani wa kupata kipimo kilichofika hapa au kupita hapa? Uwezekano huo ndio thamani ya p. Tafadhali usiuandike kama uwezekano wa nadharia tete sifuri kuwa kweli. Kosa hilo nalikuta hata kwenye makala zilizokwisha kuhaririwa, na linapotosha hitimisho zima.

Sasa, kuchagua kipimo. Chukua sarafu uirushe mara 20. Ukipata kichwa mara 15, kipimo kinachokujia haraka ni idadi ya vichwa. Kwa sarafu isiyopendelea upande, uwezekano wa kupata vichwa 15 au zaidi ni kama 0.021, ukihesabu na upande wa pili, yaani vichwa 5 au pungufu, unafika 0.041. Hapo una sababu ya kuishuku.

Lakini tuseme sarafu imetoa kichwa, kinyume, kichwa, kinyume, hivyo hivyo hadi mwisho. Vichwa ni 10 kati ya 20. Kwa kipimo cha idadi ya vichwa, hakuna sarafu safi kuliko hii. Badilisha kipimo: hesabu ni mara ngapi upande umegeuka kutoka mrusho mmoja hadi unaofuata. Umegeuka mara 19 kati ya nafasi 19, jambo ambalo kwa bahati tupu lina uwezekano wa 1 kwa 524,288. Data ni zile zile, na nadharia tete sifuri ni ile ile. Kipimo cha kwanza hakikukosea hesabu; kiliulizwa kuhusu upendeleo wa upande, kikajibu kuhusu upendeleo wa upande. Aliyekuwa na shaka kwamba mrusho mmoja unautegemea mwingine alihitaji kipimo cha pili.

Ndiyo maana nasisitiza sana kujua unashuku nini. Kila kipimo kina aina ya kasoro kinayoiona na nyingine kisichoiona kabisa.

Mahali ninapoona hasara kubwa zaidi ni kwenye data za jozi. Tuseme watu watano wamepimwa shinikizo la damu kabla na baada ya dawa: 150 likawa 144, 132 likawa 127, 170 likawa 163, 141 likawa 137, 160 likawa 154. Ukiyachukulia kama makundi mawili yasiyohusiana, tofauti ya wastani ni 5.6, lakini watu wenyewe wanatofautiana mno kati yao, hivyo t (tofauti hiyo ikilinganishwa na mtawanyo unaotarajiwa kwa bahati tu) inatoka kama 0.61 na p inazidi 0.5. Mtafiti anaandika kwamba hakuona mabadiliko. Ukimlinganisha kila mtu na nafsi yake, tofauti ni 6, 5, 7, 4 na 6. Wote wameshuka, tena kwa kiasi kinachokaribiana. t inakuwa karibu 11, na p iko chini ya 0.001. Programu ya kompyuta haitakuonya, kwa kuwa haijui kwamba namba za safu mbili ni za watu wale wale. Wewe ndiye unayejua.

Mengine hayana ugumu mkubwa. Kama unahesabu watu kwa makundi, mfano waliopona na wasiopona, kai-mraba ya Karl Pearson ya mwaka 1900 bado inafaa, ila idadi zinazotarajiwa kama ni bahati tu zikiwa ndogo, kwa mazoea chini ya 5, tumia jaribio kamili la Fisher. Kwa wastani wa makundi mawili tofauti, mimi huanza na jaribio la t la Welch, kwa sababu halidai mtawanyo wa makundi yote mawili uwe sawa. Sampuli ndogo peke yake si sababu ya kulikimbia jaribio la t: William Gosset alilitoa mwaka 1908, akiwa mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness, kwa ajili ya sampuli ndogo hasa. Data zikiwa na namba chache zilizoruka mbali sana, majaribio ya kupanga kwa nafasi (yanayotumia nafasi ya kila namba, ya kwanza, ya pili na kuendelea, badala ya namba yenyewe), kama la Wilcoxon, husaidia, mradi ukumbuke kwamba hapo hulinganishi wastani tena.

Uchaguzi huo ufanye kabla ya kuziona data, na uuandike. Ukifanya majaribio 20 yasiyotegemeana kwa kiwango cha asilimia 5 (yaani ukikubali kwamba tofauti ipo kila p inapokuwa chini ya 0.05), huku kusiwe na tofauti yoyote ya kweli, uwezekano wa angalau moja kukuambia "ipo" ni karibu asilimia 64. Anayejaribu vipimo vyote kisha akaripoti kilichompendeza yuko kwenye hesabu hiyo hiyo, hata kama hana nia mbaya.

Na usiishie kwenye p. Kwa wale watu watano, andika kwamba shinikizo lilishuka kwa wastani wa 5.6, na kwamba masafa ya kuaminika ya asilimia 95 (thamani za kushuka ambazo data zinaafikiana nazo) ni kutoka 4.2 hadi 7.0. Daktari atakayesoma anaweza kuamua kama kushuka huko kunamfaa mgonjwa wake. Kama ni dawa iliyolishusha ni swali jingine. Huenda walipimwa mara ya kwanza wakiwa na wasiwasi, mara ya pili wamekwisha kuzoea. t ya 11 haiwezi kutenganisha mambo hayo mawili. Ilihitajika kundi jingine, lililogawanywa kwa bahati nasibu na kupimwa vivyo hivyo bila kupewa dawa.