Ukiwa mgeni Japani, jifunze kwanza nyimbo za "ru"

Kijana mmoja aliyeko Fukuoka kimasomo ameniandikia: "Shikamoo dada. Wenzangu wa maabara wananialika karaoke na kila mara natafuta kisingizio. Wanacheza shiritori ya nyimbo, mimi hata sijui pa kushika. Nifanyeje?" Nimemjibu, lakini jibu lenyewe nataka tulisome wote tunaotaka kuishi Japani kama watu wa pale, tusiwe watalii wa miaka kumi.

Shiritori ni mchezo wa kupokezana silabi. Neno likiishia na "ka", anayefuata ataje linaloanza na "ka". Ukitaja linaloishia na "n" umetoka, kwa kuwa Kijapani hakina neno la kuanzia hapo. Kwenye karaoke zinatumika nyimbo: jina la wimbo uliokwisha ndilo linalokupa silabi, na ukishaipata huna budi kuimba.

Silabi inayowatoa watu jasho ni "ru". Vitenzi vingi mno vya Kijapani huishia nayo, lakini maneno ya asili ya lugha hiyo hayaanzi kwa sauti ya r. Yanayoanza nayo karibu yote yameingia kutoka Kichina au lugha za Ulaya. Hata Wajapani wenyewe wakitupiwa "ru" huguna. Ndiyo maana nasema anza hapo. Nyimbo za "sa" au "a" kila mtu anazo. Ukija na ya "ru" chumba kizima kitakugeukia.

Nililiona hilo kwenye karamu yetu ya kufunga mwaka hapa Nagoya. Bosi wa idara alisimama wima akaimba "Subaru" ya Tanimura Shinji, wimbo wa mwaka 1980 ambao wanaume wa rika lake wanaupenda kupita kiasi. Su-ba-ru. Zamu ikawa yangu. Mwenzangu akanyoosha mkono achukue tableti ya kuchagulia nyimbo, aniwekee wimbo wa Kiingereza. Nikamwambia asante, nina wangu. Nikaandika "Ruby no Yubiwa", yaani pete ya rubi.

Huo ni wimbo wa Terao Akira, uliotoka mwaka 1981 na kutwaa Tuzo ya Rekodi ya Japani mwaka huohuo. Terao ni mwigizaji pia. Yumo kwenye filamu ya mwongozaji Kurosawa ya mwaka 1985, "Ran". Anaimba kwa sauti ya chini, kama anayezungumza peke yake: mwanamume ameachwa, nje upepo unavuma, chai imepoa. Miaka miwili inapita, na bado akiona koti la rangi ya maziwa mjini anaangalia vidole vya aliyelivaa, kama kuna pete ya rubi. Mimi sauti yangu ni nzito tangu shuleni, nilikotaniwa sana kwayo, na wimbo huu umenikaa kama nguo ya fundi. Nilipofika kwenye koti lile, bosi aliweka glasi chini. Wazee wawili wakaanza kuimba nami. Nilijivuna, na bado najivuna.

Mahali nilipofanya kazi mwanzo, kila karaoke mtu fulani aliniwekea wimbo wa Kiingereza bila kuniuliza. Niliposema nataka wa Kijapani walicheka, si kwa ubaya labda, lakini kicheko kile sijakisahau. Lugha yangu ya kwanza ni Kiswahili, ya pili Kijapani. Kwa nini mtu aamue kwa kunitazama uso tu kwamba mimi ni wa Kiingereza? Ndugu yangu, usimpe mtu nafasi ya kukuamulia. Shika tableti mwenyewe.

Sasa kuhusu hiyo tableti. Tafuta kwa sauti ya Kijapani, usitafute kwa herufi za Kizungu. Sisi tunatenganisha l na r. Kijapani kina sauti moja tu hapo. Kwa hiyo wimbo wa Lupin wa Tatu, ule wa katuni ya mwizi uliotungwa na Ohno Yuji, uko kwenye "ru". "Loop & Loop" ya Asian Kung-Fu Generation, ya mwaka 2004, nayo iko hapohapo. Lakini "Runner" ya Bakufu Slump usiutafute huko: husomwa "rannaa", uko kwenye "ra".

Angalia na mwisho wa jina. "Rouge no Dengon" ya Arai Yumi, ya mwaka 1975, ni tamu na vijana wanaijua kwa sababu ya filamu ya Kiki mchawi mdogo ya mwaka 1989. Mke ameandika ujumbe kwa rangi ya mdomo bafuni, kisha amepanda treni kwenda kumshtaki mumewe kwa mama mkwe. Lakini "dengon" inaishia na "n". Ukiimba kwenye shiritori umejitoa mwenyewe! Iweke kwa siku ya kuimba bila mashindano.

Kwa sauti nyororo kuna "Ruriiro no Chikyuu" ya Matsuda Seiko, ya mwaka 1986. Mashairi yake ni ya Matsumoto Takashi, yuleyule aliyeandika pete ya rubi. Ina vokali ndefu nyingi, na hapo ndipo Waswahili tunapoharakisha. Zivute mpaka mwisho. Mashine ya kutoa alama haisamehi.

Mdogo wangu wa Fukuoka, anza na Terao wiki hii. Sikiliza kwanza, soma maneno, kisha imba ukiwa peke yako chumbani. Jina la wimbo wake linaishia na "wa", kwa hiyo atakayekufuata hatapata shida: Moritaka Chisato peke yake ana "Watarasebashi" na "Watashi ga Obasan ni Natte mo". Mwaliko ujao usikatae, nenda.