Sindano ya mgongo na nusu kaputi: niliyojifunza nilipopasuliwa mara mbili

Mara ya kwanza nilipasuliwa nikijifungua, kwa sindano ya mgongo. Mara ya pili nilitolewa kibofu cha nyongo, kwa nusu kaputi. Ndugu huniuliza ipi ni salama zaidi. Mimi huwaambia kila moja huigusa oksijeni ya mwili kwa njia yake.

Sindano ya mgongo ilipokolea, miguu ilipata joto. Ganzi ile hulegeza mishipa ya damu, ikatanuka, na damu yenye oksijeni ikajaa miguuni. Ikijaa huko kupita kiasi, presha huanguka. Nilishikwa na kichefuchefu na kizunguzungu, ilhali kipimo cha kidoleni kilisoma 98. Nilimwambia mtaalamu wa usingizi, naye akanipa dawa ya kupandisha presha papo hapo. Kwa hiyo usinyamaze! Kipimo kile huonyesha ni asilimia ngapi ya nafasi za oksijeni kwenye damu zimejazwa. Hakionyeshi kama damu yenyewe inamfikia mtoto tumboni.

Kwenye nusu kaputi, kabla ya kulala nilivutishwa oksijeni kwa barakoa kama dakika 3. Hiyo ni akiba, maana dawa hukatisha pumzi mpaka mpira uingie kooni na mashine ianze kukupumulia. Usingizini, sehemu za chini za mapafu husinyaa, na hazifunguki zote mara unapoamka. Ndiyo sababu muuguzi alinisihi, “Dada, vuta pumzi ndefu, kohoa.” Kidonda kiliniuma, nikagoma. Kipimo kikashuka hadi 91, nikarudishiwa barakoa. Baadaye nilifundishwa kukumbatia mto tumboni ndipo nikohoe, na maumivu yakavumilika. Ukianza kutetemeka, omba blanketi mapema: misuli inayotetemeka hula oksijeni nyingi.

Dada zangu wa Pwani, piko jeusi na rangi ya kucha huweza kukipotosha kipimo. Acha walau vidole viwili vitupu. Anayevuta sigara aache mapema awezavyo, kwani moshi wake hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu.

Pia pima wingi wa damu wiki kadhaa kabla. Asilimia 98 ya damu haba bado ni oksijeni haba. Mimi damu yangu ilikuwa chini, upasuaji wa pili ukaahirishwa nikameza vidonge vya madini ya chuma kwanza. Nilinung’unika siku ile. Leo namshukuru daktari aliyekataa kuniharakisha.