Maswali na Majibu: Kuongeza Wi-Fi Kwenye Mtandao wa Kebo

Kompyuta zetu zote zimeungwa kwa kebo kwenye swichi, kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao. Sasa tunataka simu nazo zipate intaneti. Ruta ya zamani yenye Wi-Fi itafaa?

Itafaa, mradi uigeuze iwe akses pointi tu, yaani kifaa kinachorusha Wi-Fi ya mtandao uliopo bila kuunda mtandao wake. Usiichomeke kwenye swichi kwanza. Iunge na kompyuta moja, ufungue ukurasa wake wa mipangilio. Ikiwa ina hali ya akses pointi, chagua hiyo, nayo itakupunguzia kazi kubwa. Kama haina, weka kwanza jina la Wi-Fi na nenosiri, kwa ulinzi wa WPA2 au WPA3. Kisha ipe anwani isiyogongana na nyingine. Tuseme ruta kuu ni 192.168.1.1 na inagawa anwani kuanzia 192.168.1.100: hii ipe 192.168.1.2. Ukurasa utakatika, chomoa kebo, ichomeke tena, uingie kwa anwani mpya. Mwisho, zima DHCP, yaani huduma ya kugawa anwani.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. DHCP ikibaki imewashwa, mtandao unakuwa na wagawaji wawili, na kifaa kitakachojibiwa na ruta ya zamani kitaelekezwa kwenye njia isiyofika kwenye intaneti. Leo simu hii inakwama, kesho ile, na lawama zote zinamwangukia mtoa huduma bure.

Baada ya hapo, vuta kebo kutoka kwenye swichi hadi tundu lolote la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta hiyo. Tundu la WAN (la kupokea intaneti kutoka nje) liache wazi.

Simu inapata intaneti vizuri, ila haioni printa iliyo kwenye kebo. Kwa nini?

Karibu kila mara ni kwa sababu kebo imeingizwa kwenye WAN huku ruta ya pili ikiendelea kufanya kazi ya ruta. Imejenga mtandao wake wa pembeni, na simu imefungiwa humo. Kama kebo iko LAN, angalia usiwe umejiunga na Wi-Fi ya wageni, ambayo kwa kawaida hutengwa na vifaa vya nyumbani.

Kwa nini nisinunue ripita, kifaa cha kupokea Wi-Fi na kuirusha tena, nikaepuka kutandaza waya?

Kama kebo tayari imefika chumbani, itumie. Ripita inayopokea na kurusha kwa masafa yaleyale hupoteza takriban nusu ya kasi. Kebo ya Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100.

Nikiweka akses pointi mbili, majina yawe tofauti?

Hapana. Jina, nenosiri na aina ya ulinzi vifanane, ili simu ihame yenyewe. Kinachotofautiana ni chaneli, yaani sehemu ya masafa inayotumiwa: kwenye 2.4 GHz tumia 1, 6 au 11, zenye upana wa 20 MHz, maana hizo haziingiliani. Simu ikiendelea kung'ang'ania akses pointi ya mbali, punguza nguvu ya kurusha; uamuzi wa kuhama ni wa simu, haulazimishwi na ruta.

Kasi haivuki megabiti 100, ingawa vifaa vyote ni vya gigabiti.

Kagua kebo. Gigabiti inahitaji nyaya zote 8. Mmoja ukikatika au ukibanwa vibaya kwenye plagi, mara nyingi muunganisho hushuka hadi 100, unaotosheka na nyaya 4. Kata plagi, ubane mpya pande zote mbili kwa mpangilio mmoja wa rangi.