Maswali Yenu ya Ufundi: Pikipiki Inapoongezwa Gurudumu la Tatu

Swali: Ndugu mwandishi wa ukurasa huu, salaam. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kwa kuwa mguu wangu wa kushoto ni dhaifu tangu utotoni, nimeigeuza pikipiki yangu ya cc 150 iwe ya magurudumu matatu kwa kuifungia ekseli ya guta yenye difu inayozungushwa kwa cheni. Upana kati ya matairi ya nyuma ni sentimita 90, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni sentimita 150. Nikishapanda, gurudumu la mbele hubeba kilo 80 na yale ya nyuma kwa pamoja kilo 170. Breki ya mguu inashika gurudumu la kulia peke yake. Usukani ni mzito na hutikisika nikikaribia kilomita 35 kwa saa, chombo kinavuta kushoto, na kwenye kona gurudumu la ndani hunyanyuka. Marafiki wananishauri niongeze nguvu ya injini kwanza, kwa sababu milima yetu kinaipanda kwa shida. Nianzie wapi?
*Msomaji, Iringa*

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa kazi na hongera kwa kuvipima vitu vyako kabla ya kuuliza, kwani vipimo ulivyoandika vinatosha kutupa nusu ya jibu. Injini iache kama ilivyo kwa sasa. Chombo chenye breki ya upande mmoja na kinachonyanyua gurudumu kwenye kona hakijawa tayari kupewa mwendo zaidi, hata kama mlima wa Kitonga kitaupanda kwa gia ya kwanza.

Tuanze na breki. Zaidi ya theluthi mbili za uzito wako ziko nyuma, kwa hiyo breki za nyuma ndizo zenye kazi kubwa, tofauti na pikipiki ya kawaida ambayo breki yake ya mbele hutegemewa zaidi. Breki inayoshika gurudumu la kulia tu itakivuta chombo kulia kila unapoikanyaga, na ukiikanyaga kwa ghafla kwenye lami yenye maji utajikuta umegeukia upande wa magari yanayokuja. Funga breki kwenye magurudumu yote mawili, ziwe za aina moja na ukubwa mmoja. Kama ni za mafuta, hakikisha pampu kuu inaweza kuzihudumia zote mbili, kwa sababu pampu ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya breki moja ya pikipiki inaweza kukanyagwa hadi mwisho kabla breki hazijashika. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yanaweza kuchanganyika, lakini DOT 5, ambayo ni ya silikoni, haichanganywi nayo kamwe. Unapotoa hewa, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na pampu. Ongeza pia breki ya kuegeshea inayojifunga yenyewe, kwani gia peke yake haikizuii chombo mteremkoni ikiwa cheni itachomoka.

Sasa kona. Pikipiki hulala inapokata kona, na kwa kulala huko uzito wake hubaki kwenye mstari wa matairi. Chombo chako hakilali, hivyo nguvu yote ya kona inakisukuma pembeni, na kinachokizuia kupinduka ni upana wake ukilinganishwa na kimo cha uzito wake. Kwa kuwa mbele kuna gurudumu moja, upana unaofanya kazi si ule wote wa nyuma. Chukua kilo 170, gawanya kwa jumla ya kilo 250, kisha zidisha kwa nusu ya upana, yaani sentimita 45: unapata sentimita 30.6. Mpanda aliyekaa kwenye kiti cha pikipiki ambacho hakijashushwa huufanya uzito wote uwe kana kwamba umekusanyika karibu sentimita 60 juu ya ardhi. Ukigawanya 30.6 kwa 60 unapata 0.51, maana yake nguvu ya kona ikifikia takriban nusu ya uzito wa chombo, gurudumu la ndani linaiaga ardhi. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 12, hali hiyo hutokea mwendo ukifika kilomita 28 kwa saa. Kwa hiyo unachokiona si ajabu wala si uzembe wako.

Ukiipanua ekseli hadi sentimita 110, kona hiyohiyo utaikata kwa kilomita 31 kabla gurudumu halijanyanyuka. Ukishusha pia kiti, betri na kisanduku cha mizigo hadi uzito ushuke kwa sentimita nane, utafika 33. Hesabu hizi ni za barabara sawa na mwendo usiobadilika; ukikanyaga breki katikati ya kona uzito unakimbilia mbele, kwenye gurudumu moja, na nafasi yako inapungua. Kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kuingia kwenye kona.

Kuvuta kushoto kunaweza kusababishwa na barabara yenyewe. Barabara nyingi zimeinuka katikati ili maji yashuke pembeni, nasi tunaendesha kushoto, kwa hiyo chombo kisicholala huuhisi mwinamo huo wakati pikipiki haiuhisi. Tafuta uwanja ulio sawa na usio na watu, uende moja kwa moja. Kikiendelea kuvuta, sawazisha upepo wa matairi ya nyuma kwanza, kisha chukua futi na upime kutoka katikati ya shingo ya usukani hadi ncha ya kushoto ya ekseli, halafu hadi ncha ya kulia. Vipimo hivyo visitofautiane kwa zaidi ya milimita tatu. Mafundi wengi hupima kwa jicho wakisaidiwa na mistari ya sakafu ya gereji, na sakafu nyingi za gereji ninazozijua hazina mstari hata mmoja ulionyooka.

Usukani kuwa mzito ni jambo la kutarajia, kwa kuwa pikipiki hutengenezwa ili tairi la mbele liguse ardhi nyuma ya mahali ambapo mstari wa shingo ya usukani ungegusa. Umbali huo kati ya sehemu mbili huinyoosha pikipiki yenyewe, lakini kwenye magurudumu matatu unageuka kuwa mzigo wa mikono. Viwanda huupunguza: pikipiki ya magurudumu matatu ya Harley-Davidson, Tri Glide, ina umbali mfupi kuliko ndugu zake za magurudumu mawili. Ukiupunguza kupita kiasi, usukani unakuwa mwepesi lakini unatikisika. Kwa hiyo usiguse shingo wala usibadilishe pembe yake kwa kuchomelea nyumbani. Ukiikosea, hakuna sehemu nyingine ya kukuokoa. Ikiwa umefunga shokapu za mbele ndefu kwa ajili ya mtindo, rudisha zile za asili.

Kuhusu kutikisika, nyanyua gurudumu la mbele, lishike chini kwa mikono miwili, livute na kulisukuma. Ukisikia chuma kikigonga hata kidogo, beringi za shingo zimelegea au zimekwisha. Kisha pitisha spana ndogo kwenye spoku moja baada ya nyingine: iliyolegea hutoa sauti butu. Rimu ya spoku haikutengenezwa kubeba nguvu ya pembeni kiasi hicho, kwa hiyo zikague kila wiki. Ikiwa kila kitu kimekaza na bado inatikisika, funga shokapu ndogo ya usukani kati ya fremu na shokapu za mbele, ukihakikisha haiuzuii usukani kugeuka hadi mwisho pande zote mbili.

Wewe ni fundi wa kuchomelea, kwa hiyo hili nitalisema kwa ufupi. Ondoa tangi la petroli ulipeleke mbali na eneo la kazi, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni hadi kwenye cheche. Tangi linalovuja usilichomelee nyumbani hata kama limekauka. Tenganisha nyaya za betri na uchomoe kisanduku cha CDI, kile kinachoongoza cheche ya plagi. Kibanio cha ardhi kifungwe karibu na mahali unapochomelea, umeme usije ukapitia kwenye beringi. Chuma ulichokisafisha kwa dawa ya breki yenye klorini usikichomelee, kwa kuwa joto huigeuza dawa hiyo kuwa gesi ya sumu. Na ukilala chini ya chombo, kiegemee kwenye stendi za chuma, usiiamini jeki peke yake.

Baada ya hayo yote ndipo tuzungumze kuhusu mlima. Badilisha sproketi ya nyuma kabla ya kufikiria injini. Kutoka meno 42 kwenda 48, kwa mfano, nguvu ya kuvuta inaongezeka kwa asilimia 14, huku mwendo kwa kila gia ukipungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 12, jambo ambalo kwa chombo hiki ni faida. Injini inayopozwa kwa hewa huchemka inapovuta mzigo polepole, kwa hiyo pumzika kabla ya kilele, usisubiri ianze kugonga.

Jambo la mwisho ni miguu. Mtu aliyezoea pikipiki hushusha mguu chini anaposimama, na kwenye chombo cha magurudumu matatu tairi la nyuma huja moja kwa moja juu ya kisigino. Tengeneza vikanyagio vipana vyenye kingo, na ule mguu wa kushoto uwe na mkanda laini unaofunguka wenyewe ukivutwa. Kwa kuwa gia hubadilishwa kwa mguu huohuo, ihamishie mkononi kwa fito yenye viungo visivyolegea.

Swali: Nina guta la kutengeneza lenye kabureta na ekzosi ya asili. Mjini Tanga linakimbia vizuri, lakini nikipanda Lushoto kuchukua mboga linatoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Fundi anataka kutoa filta ya hewa na kuongeza ukubwa wa jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli.
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Mkatalie fundi kwa heshima. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 13 kuliko pwani. Petroli inayoingia imebaki karibu ileile wakati hewa imepungua, ndiyo maana moshi ni mweusi. Jeti kubwa zaidi itazidisha ugonjwa. Filta safi ibaki mahali pake, kwani bila hiyo vumbi la barabara za milimani litaikwangua silinda.

Hakikisha kwanza choki inafunguka yote na plagi si ya zamani. Kisha panda mlima kwa dakika chache, kandamiza klachi, zima injini palepale, egesha mahali salama na uitazame plagi ikipoa: nyeusi yenye masizi maana yake petroli imezidi, nyeupe kama chokaa maana yake hewa imezidi na pistoni iko hatarini, kahawia ndiyo tunayoitafuta. Ikiwa nyeusi, jeti kuu ndogo kwa namba moja au mbili inatosha. Ukiishi zaidi Tanga kuliko Lushoto, heri uvumilie moshi kidogo, kwa sababu jeti ya milimani itaichemsha injini pwani. Na kazi hiyo yote ifanyike nje: moshi wa ekzosi una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo ndani ya banda lililofungwa huua bila rangi wala harufu ya kukuonya.

Swali: Nikimaliza kugeuza pikipiki yangu, je, nambari za usajili za zamani zinatosha?
*Msomaji, Voi*

Jibu: Hazitoshi. Kwenu Kenya mabadiliko ya namna hii yapelekwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili chombo kikaguliwe na kumbukumbu zirekebishwe. Tanzania usajili uko TRA, mamlaka ya mapato. Uliza kabla hujakata chuma, kisha iarifu kampuni ya bima kwa maandishi, kwani inaweza kukataa kulipia chombo ambacho haikukijua. Weka risiti za ekseli na injini, piga picha za kila hatua, na usipitishe grenda wala rangi nene kwenye nambari ya fremu, ambayo kwa pikipiki nyingi imegongwa kwenye shingo ya usukani.