Mnara wa Saa Arusha: kweli ni katikati ya Cairo na Cape Town?

Mkuu, ulichoambiwa kwamba mnara uko nusu kamili ya Cairo na Cape Town ni hesabu ya barabara, tena ya enzi Waingereza walipoota njia moja kuvuka Afrika. Kilomita za barabara hubadilika kwa kila njia unayochagua, kwa hiyo nusu nayo inahama.

Hakiki mwenyewe. Cairo iko digrii 30 kaskazini, Cape Town 33.9 kusini; nusu yake inaangukia kama 1.95 kusini. Arusha iko 3.37, yaani umeshapitiliza kilomita 160 hivi. Hapo bado afadhali. Longitudo ndiyo inayoharibu kabisa: ukivuta mstari mnyoofu, katikati iko karibu 25 mashariki, huko Kongo upande wa Kindu, na Arusha iko 36.7. Kilomita kama 1,300 pembeni!

Halafu usiuchanganye na mnara wa Azimio la Arusha wenye mwenge, kwenye kipilefti kingine jirani na makumbusho yake. Huo ni wa tamko la 1967 la TANU, chama kilichotawala wakati huo. Wa Saa uko mwisho wa Barabara ya Sokoine, inapokutana na Barabara ya Boma. Picha piga asubuhi mapema, kabla wauza safari na batiki hawajakuzunguka.